Culasse ya Boti ya Adalbert

Kamyoneti ya Séraphine ilikufa kwenye mpando wa Nyantende, ikitoka soko la Mugogo, imejaa unga wa muhogo, na wanawake wa soko wamekaa juu ya magunia. Kwanza ilitoa mvuke mweupe, kisha injini ikalia kama chuma kinachosagwa, kisha ikanyamaza. Wanawake walishuka, kila mmoja akaanza kutafuta mzigo wake. Séraphine aliwaambia kwamba hakuna atakayerudishiwa nauli. Hakuwa na roho mbaya kuliko wengine, ila alikuwa amejizoeza kusema hapana kabla mtu hajamaliza kuomba.

Hiyo ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati bei ya kahawa ilipopanda dunia nzima na mishahara ya Bukavu ikageuka hadithi. Mume wake, Gérard, alikuwa karani katika ofisi ya serikali. Kila asubuhi alivaa abakosi yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi, akaenda kukaa nyuma ya meza, na akarudi mikono mitupu. Nyumba yao ya Kasha, chakula, karo za watoto, vyote vilitoka chini ya turubai ya ile kamyoneti.

Nayo haikuwa gari ya kawaida. Kwa nje ilikuwa Peugeot 404 kuukuu, lakini mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa nayo zamani aliitoa injini yake ya esansi, yaani petroli, akaweka mahali pake injini ya mazout, yaani dizeli, kwa sababu mazout haikumkosa kiwandani kwake. Alikata vyuma, akasogeza radiyata, akaunganisha alichoweza kuunganisha. Wageni waliponyang'anywa mali zao, mzungu alipanda ndege, na Gérard akaipata kamyoneti kwa bei ya kutupa. Tangu siku hiyo ilikuwa ikivuta mizigo ya kutoka Walungu bila kulalamika.

Iliburutwa hadi Kadutu, kwa fundi Xavier. Xavier alifungua kapo, yaani boneti, akafungua injini, akamwonyesha Séraphine culasse, kile kichwa kizito cha chuma kinachofunika injini kwa juu. Ufa ulipita katikati yake, mwembamba kama unywele.

"Tutapata ingine," alisema Séraphine.

"Wapi, maman? Ya 404 haiingie hapa. Hii motori ni ya kampuni ingine kabisa. Mimi sijaona ya namna hii kwa gari ya mutu mwingine hapa Bukavu."

Alikwenda mjini, kwenye lile duka la vipuri ambalo zamani lilikuwa la Mgiriki. Duka lilikuwa limepewa mwananchi mmoja mnene, mwenye marafiki. Alikuwa ameuza kila kitu kilichokuwa kwenye rafu bila kuagiza hata msumari, na sasa kwenye rafu zilezile alikuwa amepanga bia.

"Culasse?" alicheka yule mnene. "Citoyenne, gari yako ilizaliwa na mzungu. Umufuate kwao Ulaya, akuzalie ingine."

Walevi waliokuwa ndani walicheka pamoja naye. Séraphine alingoja wanyamaze, kisha akauliza tena, polepole, kama kuna mtu mwingine anayejua. Yule mnene akamgeuzia mgongo.

Xavier alijaribu kuchomelea ufa. Kamyoneti ilifika Panzi tu, ikatoa tena mvuke.

"Hii haigonjwi tena, maman," alisema Xavier. "Hii imekufa." Aliifuta mikono yake kwa kitambaa, akafikiri. "Ule mzungu wako alinunua motori mbili za namna moja. Moja aliweka kwa gari. Ya pili aliweka kwa boti, alikuwa anapenda kutembea kwa ziwa. Ile boti iko kwa mutu wa Idjwi, jina lake Adalbert. Iko inafika hapa siku za soko."

Basi Séraphine alishuka ufukweni siku ya soko na kuulizia boti ya Adalbert. Haikuwa vigumu kuiona, maana mwenyewe alikuwa ameipaka rangi ya bluu na kuiandika ubavuni, kwa herufi kubwa zilizopinda kidogo, jina la mke wake: EULALIE. Adalbert alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, msemaji, na aliyejipenda. Abiria walimlipa huku akiwasimulia habari za boti yake kana kwamba hawajawahi kuipanda.

Séraphine alilipa nauli kama wengine. Hakusema shida yake. Boti ilipoacha ufuko na injini kuanza kuvuta, alishtuka. Ilikuwa sauti ya kamyoneti yake, mlio uleule wa chini, na ule mkwaruzo mdogo kabla ya kupata nguvu.

"Unasikia?" Adalbert alimwuliza, akipiga kiganja juu ya sanduku la injini. "Haiko na kikohozi. Niko naisafisha kuliko meno yangu."

"Ninasikia," alisema Séraphine.

Walipofika Idjwi alimweleza kwamba amekuja kwa ajili yake, na Adalbert, bila kuuliza zaidi, akampeleka nyumbani ale kwanza. Eulalie alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyochubuliwa na kazi ya shamba. Alimletea mgeni maji ya kunawa, kisha fufu ya muhogo na samaki, akampa kiti chenye mgongo, yeye mwenyewe akakaa kwenye kigoda.

"Papa Adalbert," alisema Séraphine walipokwisha kula, "uniuzie culasse ya boti yako."

Adalbert alicheka. Halafu aliona kwamba mgeni hacheki.

"Maman, nikikuuzia kichwa, boti itatembea na nini? Batu ba hapa bote banapita na mimi. Bagonjwa, bibi-arusi, hata maiti. Na batoto yangu banakula ndani ya ile motori. Hapana."

"Hata mimi, batoto yangu banakula ndani ya gari."

"Ninakuelewa." Alisema kweli, alionekana kumwelewa. "Niko na shemeji kule Goma, anajua batu ba motori. Nitamutuma. Ungojee kidogo tu."

"Kidogo ni siku ngapi?"

"Maman, mimi si Mungu."

Séraphine aliomba kwa namna nyingine, akataja watoto mmoja mmoja, akataja mume asiyelipwa. Adalbert alitikisa kichwa kila mara, kwa huruma, na ile huruma ilimchoma Séraphine kuliko kicheko cha yule mnene wa dukani. Alipoinuka kuondoka, Eulalie alimfungia mananasi kwa kamba ya mgomba.

"Ya batoto," alisema.

Boti iliporudi Bukavu, Séraphine alikaa karibu na mikungu ya ndizi. Chini ya ndizi palikuwa na magunia, na harufu yake aliijua. Adalbert alimwona akiyatazama.

"Kahawa ya majirani," alisema bila kushusha sauti. "Nikishusha batu, ninavusha ng'ambo, kwa Banyarwanda. Kila mutu wa Idjwi anafanya vile. Huku banatulipa bei ya majani, maman. Usiogope, masoda banajua, banakula yao."

Séraphine hakuogopa. Alikaa na mananasi mapajani, akisikiliza injini mpaka ufukweni.

Askari wa pale ufukweni, hao masoda, walikuwa chini ya mkubwa wao, adjudant mmoja aliyetoka mbali, mtu wa Kilingala, ambaye Séraphine alimjua vizuri, kwa kuwa kila wiki gunia moja la unga lilishuka kwenye kamyoneti likaingia nyumbani kwake bila mtu kuongea habari ya bei. Asubuhi moja Séraphine alimkuta barazani akipaka viatu rangi.

"Likambo nini, mama, kuko nini?" aliuliza adjudant. "Unga iko wapi?"

"Hakuna unga, mon adjudant. Gari ilikufa." Séraphine alikaa bila kukaribishwa. "Kuko boti moja ya bluu, ya Idjwi. Iko na kahawa chini ya ndizi. Kesho kutwa itafika."

Adjudant aliendelea kupaka rangi. "Kahawa banabeba bote. Kwa nini unanipa huyu mumoja?"

"Niko na lazima ya culasse yake."

"Ya nini?"

"Kichwa ya motori. Boti muchukue. Kahawa muchukue. Mimi munipe kile kichwa tu, na unga itarudia kufika hapa."

Adjudant aliweka kiatu chini, akamtazama. "Huyu mutu alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Alinipa mananasi."

Adjudant akacheka kwa pua, akachukua kiatu cha pili. "Bamama ya Bukavu," alisema. "Uende. Nitakuita."

Lakini Séraphine hakungoja kuitwa. Aliogopa kwamba askari watauza kile chuma kwa mtu mwingine kabla hajafika, au watakivunja kwa ujinga. Siku ya soko alishuka ufukweni na mapema, akasimama kati ya wauza samaki. Aliiona boti ya bluu ikija. Aliona abiria wakishushwa na kupangwa mstari, ndizi zikitupwa majini, magunia yakipakuliwa. Adalbert alikuwa akiongea kama kawaida yake, akitaja jina la koplo huyu na yule aliyezoea kumpa chake, na kila alipotaja jina alipigwa kofi, mpaka akaacha kutaja.

Halafu ikaonekana kwamba hakuna askari anayejua kufungua injini. Mmoja alileta nyundo. Adjudant alimzuia, akamwita Adalbert.

"Fungua wewe."

"Kufungua nini, chef?"

"Kichwa."

Adalbert alipiga magoti ndani ya boti yake. Midomo ilikuwa imevimba. Alitoa funguo zake chini ya benchi, akaanza kulegeza buloni, moja moja, akizipanga kwenye kitambaa zisianguke. Watu wote wa ufukweni walimwangalia. Alifanya ile kazi kwa uangalifu uleule wa siku zote, kana kwamba anaifungua ili aisafishe. Alipoinua culasse aliikumbatia kifuani, mafuta yakamchafua shati, akasimama asijue ampe nani.

"Mupe ule maman," alisema adjudant.

Hapo ndipo Adalbert alipomwona Séraphine. Alimtazama kwa muda, na uso wake ukalegea, si kwa hasira. Alidhani kwamba Séraphine alikuwa akipita tu, akasikia boti imekamatwa, akawahi kuwanunulia askari kile kitu kabla hakijapotea.

"Afazali iende kwako," alisema, akimkabidhi pamoja na kitambaa alichofungia buloni. "Kwako itafanya kazi. Chukua na buloni zake, usizichanganye na zingine."

Séraphine alipokea, akaifunga ndani ya kitenge. Alianza kupanda njia ya kwenda barabarani, na nyuma yake alisikia adjudant akiuliza kahawa ni ya nani, ataje majina ya majirani wake. Adalbert hakutaja. Adjudant akauliza tena. Kisha akasema, ile mikono inayojua kufungua motori iwekwe juu ya jiwe. Séraphine alitaka kukimbia, lakini culasse ilikuwa nzito mno, akalazimika kutembea hatua ya mtu mwenye mimba, na alisikia yote.

Xavier aliiweka siku ileile. Injini iliwaka mara ya kwanza. Wiki hiyo kamyoneti ilipanda Nyantende imejaa, haikutoa hata tone la mvuke.

Adalbert alikaa gerezani majira yote ya mvua. Boti haikupata mnunuzi, maana haikuwa na kichwa. Ilibaki imefungwa kwenye mti hadi maji yakaijaza, ikalala chini, jina la Eulalie likionekana ndani ya maji. Kahawa ilivuka ziwa kama zamani, safari hii kwa askari wenyewe.

Kiangazi kilipoanza, Eulalie alifika Kasha. Gérard alimfungulia mlango, akamwita mke wake, akabaki amesimama ukutani. Mgeni hakukaa.

"Adjudant alikunywa pombe akasema," alisema Eulalie. "Kumbe ni wewe ulituuza."

Séraphine hakukana. "Unataka nini?"

"Bamemurudisha. Vidole havikunjike tena. Hawezi kuvuta kasia, hawezi kushika jembe. Majirani baliokoka kwa sababu alifunga mudomo, lakini banaogopa kuonekana kwetu. Utamupa kazi. Akae juu ya mizigo yako, aichunge, umulishe, umulipe. Kila siku utamuona."

"Sawa."

"Na hautamuambia. Yeye anasema, kule Bukavu kulikuwa mutu mumoja mwema siku ile, wewe. Ni hicho tu kinamusimamisha asubuhi. Usimunyanganye."

Eulalie alipokwisha kutoka, Gérard aliuliza polepole, "Ni kweli?"

"Ulikuwa unakula nini toka mvua ilianza?" alijibu Séraphine. Gérard akaangalia chini. Hakuuliza tena, na jioni alikula.

Ndivyo Adalbert alivyopanda juu ya magunia ya kamyoneti, akilala kwa jamaa pale Bukavu na kurudi Idjwi mara chache. Alikuwa amekonda, na mikono yake aliishika mbele ya tumbo kama mtu aliyebeba ndege. Lakini ulimi haukuvunjika. Aliwasimulia wanawake wa soko kwamba hiyo injini wanayoisikia ina kichwa cha boti yake, na kwamba maman Séraphine alikiokoa mikononi mwa masoda. Wanawake walimsifu Séraphine. Kwenye mpando, Adalbert alipiga paa la kabini kwa kiwiko na kuita, "Unasikia, maman? Haiko na kikohozi."

Séraphine alivumilia mwanzoni. Alimlipa, alimpa chakula. Kisha zile shukrani zikaanza kumkera kama jiwe ndani ya kiatu. Alipomwona asubuhi akimngojea langoni, akitabasamu, aligeuza uso. Akaanza kumkata mshahara kwa makosa ambayo hakuyafanya: gunia limelowa, kuku wa mteja amekufa njiani. Adalbert alikubali. Akamkatalia turubai mvua iliponyesha, akisema ni ya unga, si ya watu. Adalbert alilowa. Mbele ya wateja wa Mugogo alimwita mzee asiye na mikono, na watu wakacheka, naye Adalbert akacheka kidogo pamoja nao, kisha akawaeleza kwamba maman ana mawazo mengi. Gérard alimpa koti lake kuukuu kwa siri. Séraphine aliliona, akamvua, akampa mpita njia.

Alitaka aondoke mwenyewe. Adalbert hakuondoka.

Siku moja walikuwa wakirudi, karibu na Nyantende, abiria wameshukia njiani wote. Séraphine alisimamisha kamyoneti ili injini ipoe. Adalbert alishuka, akaja dirishani.

"Maman," alisema, "siku gani utafika kwetu, Eulalie akupikie? Mimi ninaishi kwa sababu yako."

Séraphine alishika usukani kwa mikono miwili. "Adalbert, nilikuuza mimi."

"Unasema?"

"Boti. Kahawa chini ya ndizi. Nilienda kwa adjudant, nikamuambia siku utafika. Nilitaka culasse. Uliniambia hapana."

Adalbert alitabasamu, akingoja amalizie mzaha. Kisha tabasamu likabaki peke yake, bila kitu nyuma yake. Alitazama kapo ya gari. Alitazama mikono yake.

"Nilikuambia ungojee," alisema.

"Sikuwa na kitu cha kungojea nacho."

"Nilikufungia buloni ndani ya kitambaa."

Adalbert aliinua mkono, akaupiga juu ya kapo, kwa nguvu zake zote, na maumivu yakamkunja mpaka akapiga goti barabarani. Alikaa pale. Hakulia na hakutukana. Séraphine alimngoja muda, akawasha injini, na injini ikawaka vizuri. Alimwacha pale akiwa bado amepiga goti, akapanda mlima. Aliona kwenye kioo kwamba hata hakugeuka kutazama.

Adalbert alirudi Idjwi, haijulikani kwa njia gani. Eulalie hakuja tena Kasha. Gérard ndiye aliyekwenda huko, kwa mtumbwi, na gunia la unga ambalo Séraphine alilipakia mwenyewe bila kusema ni la nani. Aliporudi, Séraphine alikuwa akishona magunia uani.

"Uliwaona?"

"Niliwaona. Adalbert alinigeuzia mugongo. Haongei tena, hata na batoto. Banasema toka alirudi hajafungua mudomo."

"Na unga?"

"Eulalie alipokea. Batoto balikuwa na njaa." Gérard alivua viatu vyake, vimejaa mchanga. "Aliuliza ingine itafika siku gani."

Séraphine alipeleka gunia la pili, na la tatu. Halafu bei ya muhogo ikapanda Walungu, na magari mengine yakaanza kwenda Mugogo, na kila gunia likawa na mteja wake kabla halijapakiwa. Mwezi mmoja alisahau. Mwezi uliofuata hakusahau, alisimama mbele ya mizigo akaihesabu, akamwambia Gérard kwamba hakuna la kupeleka. Gérard aliitikia kwa kichwa na kwenda ofisini.